Uchovu wa Rubani kwenye Njia Fupi za Walikale

Uchovu wa rubani haupimwi kwa urefu wa safari. Hupimwa kwa saa alizokaa macho, usingizi alioukosa siku zilizotangulia, na mara alizoruka na kutua. Kutoka Goma hadi Walikale, mashariki mwa Kongo, ndege ndogo hukaa angani chini ya saa moja, na ndiyo sababu watu husema kazi hiyo haichoshi. Huko Kilambo, ndege za kubeba kasiteriti, yaani madini ya bati, kutoka mgodi wa Bisie zilikuwa zikitua kwenye kipande cha barabara ya lami, bila mnara wa kuongozea wala taa, huku watu na malori wakiondolewa njiani. Rubani anayekwenda na kurudi mara tatu kwa siku hutua mara sita. Anayetoka Nairobi kwenda London hutua mara moja.

Imani iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba kahawa kali, au makasu (kola) ya kutafuna, huondoa uchovu huo. Haviondoi chochote. Vyote viwili vina kafeini, na namna kafeini inavyofanya kazi inajulikana vizuri. Kadiri mtu anavyokaa macho, adenosini hujikusanya ubongoni na kuleta usingizi. Kafeini hukalia tu nafasi ambazo adenosini ingeshika. Adenosini yenyewe inabaki na kuendelea kuongezeka. Nguvu ya kafeini ikipungua, deni lote la usingizi hudaiwa kwa mkupuo, pengine ndege ikiwa inashuka. Zaidi ya hapo, saa tano hivi baada ya kunywa, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Rubani aliyekunywa saa kumi jioni hulala saa tatu usiku akiwa na nusu hiyo, usingizi wake huwa mwepesi, na kesho yake huanza kazi akiwa amechoka kuliko jana. Kisha hunywa tena.

Hatari kubwa ni kwamba aliyechoka hawezi kuupima uchovu wake mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa baada ya saa 17 bila kulala, utendaji wa mtu hushuka hadi kiwango cha mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Hakuna abiria ambaye angekubali rubani mlevi apewe kikombe cha kahawa kisha arushe ndege. Mwili uliozidiwa pia husinzia kwa sekunde chache bila mwenyewe kujua, na ndege inayokaribia kutua kwa kilomita 160 kwa saa hupita zaidi ya mita 200 katika sekunde tano.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, huitaka kila nchi iweke mipaka ya saa za kuruka, za kazi na za kupumzika. Ulaya, kwa mfano, rubani haruhusiwi kupita saa 100 za kuruka katika siku 28. Kongo ina sheria ya usafiri wa anga ya tarehe 31 Desemba 2010 na mamlaka yake, AAC. Hata hivyo, tangu mwaka 2006 mashirika yenye cheti cha Kongo yamo kwenye orodha ya yaliyozuiwa kuruka Ulaya, na kiini cha zuio hilo ni udhaifu wa usimamizi. Mpaka usiokaguliwa kwenye daftari la safari haumlindi mtu.

Tiba ni usingizi: nafasi ya kulala saa nane kamili kabla ya zamu. Saa za kazi zihesabiwe tangu rubani anaporipoti kazini, na idadi ya kutua iwekewe kikomo chake. Kusinzia kwa muda mfupi kunafaa kwenye safari ndefu, rubani mwenza akiwa macho na kwa muda wa kutosha kabla ya kushuka. Usingizi mrefu ni hatari. Huko Mangalore, India, mwaka 2010, rubani mkuu aliyeamka baada ya usingizi mrefu safarini alitua vibaya na watu 158 wakafa. Rubani akisema amechoka, asikatwe mshahara. Na mwenye mzigo asiruhusiwe kumsihi aongeze safari moja kabla ya giza.