Ufalme wa Karagwe haukuletwa na wageni

Ukitaja ustaarabu wa kale, wengi wetu mawazo hukimbilia piramidi za Misri au miji ya Mesopotamia. Ni wachache wanaokumbuka kwamba hapa kwetu, katika ardhi ambayo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, palikuwa na ufalme uliodumu karne kadhaa, wenye ikulu, hazina na mkondo wa watawala uliojulikana kizazi baada ya kizazi. Jamii iliyouzaa ufalme huo ina mizizi ya zaidi ya miaka 2,000. Makala haya yanaeleza jinsi jamii hiyo ilivyojengeka, hatua kwa hatua, na kwa nini kila Mtanzania anapaswa kuijua.

Tuanze na kauli iliyotupotosha kwa muda mrefu. Novemba 1861 wapelelezi wawili Waingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe wakitokea Unyanyembe. Omukama (yaani mfalme) Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu mkubwa kwenye makao yake ya Bweranyange, na Grant, aliyekuwa akiuguza mguu, akabaki huko miezi kadhaa. Speke alivutiwa na mpangilio wa utawala aliouona. Lakini katika kitabu alichokitoa mwaka 1863 alidai kwamba watawala wa nchi hizi walikuwa kizazi cha watu waliotoka Uhabeshi, kana kwamba Mwafrika wa Maziwa Makuu hawezi kujiundia dola. Nadharia hiyo ilienea, wakoloni wakaitumia kuwagawa watu, na madhara yake yalifika mbali, hasa kwa jirani zetu wa Rwanda. Tukiiuliza ardhi yenyewe, inatupa jibu tofauti.

Jibu la kwanza ni chuma. Katika karne za mwisho kabla ya Kristo, wakulima walioishi magharibi mwa Ziwa Victoria walikwisha kujua kuyeyusha mawe ya chuma. Wataalamu huwatambua kwa vyungu vyao vinavyoitwa Urewe, vyenye michoro ya mistari iliyokatwa kwa ustadi na mara nyingi kishimo kidogo kwenye kitako. Huko Katuruka, upande wa Bukoba, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua mabaki ya matanuri yao katika miaka ya 1970. Kisha aliwaomba wazee Wahaya, waliofanya kazi hiyo ujanani, wajenge tanuri upya ili aone hatua zote.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wazee walichimba shimo, wakachoma humo matete ya bwawani mpaka shimo likajaa masizi na majivu meusi. Juu yake wakasimamisha tanuri kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani. Mirija ya udongo ikaingizwa kuzunguka tanuri, kila mmoja na mvukuto wake. Mkaa na mawe ya chuma yaliyookwa kwanza vikamiminwa ndani kwa zamu, na vijana wakavukuta saa baada ya saa. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika kwamba joto ndani ya tanuri lilizidi nyuzi 1,800, na kwamba mirija iliyopenya ndani iliipasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa. Wataalamu wengine wamepinga maelezo hayo ya hewa kupashwa moto. Ila hakuna anayepinga kwamba kazi hiyo ilitaka elimu ya udongo, ya miti inayofaa kwa mkaa na ya moto wenyewe, na kwamba elimu hiyo ilikuwepo hapa muda mrefu kabla ya habari za mfalme yeyote.

Chuma kilileta jembe na shoka. Shoka lilifyeka msitu, jembe likafungua mashamba, na matanuri yakala miti kwa wingi. Chavua iliyohifadhiwa katika matope ya mabwawa ya nyanda za juu za ukanda huu inaonyesha kwamba misitu ilianza kupungua zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mbuga zilizopanuka zikawafaa ng'ombe.

Hapo ndipo jibu la pili lilipo. Kuanzia karibu mwaka 1000 baada ya Kristo, vyungu vilibadilika katika eneo lote la Maziwa Makuu: mfinyanzi alipamba chungu kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Kaskazini ya Mto Kagera, mahali paitwapo Ntusi nchini Uganda, paliibuka makazi makubwa yenye vichuguu vya taka vilivyojaa mifupa ya ng'ombe. Lakini watu hao hao walilima nafaka. Baadaye, si mbali na hapo, yakachimbwa mahandaki ya Bigo yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10. Kazi kama hiyo haifanywi na familia moja. Inahitaji mtu wa kuamuru, watu wa kutii na chakula cha kuwalisha.

Jibu la tatu ni ndizi. Mgomba asili yake ni Asia, lakini ulipofika nyanda hizi wakulima wetu walizalisha aina nyingi ambazo leo hazipatikani kwingine duniani. Shamba la nafaka huchoka na kuhamwa. Mgomba ukiwekewa samadi na majani makavu hudumu miongo mingi mahali pamoja. Kwa hiyo ardhi ikawa mali ya kurithishana, makaburi ya wazee yakawa ndani ya kibanja (shamba la migomba la nyumbani), na mkulima akamhitaji mfugaji kwa ajili ya samadi, maziwa na ngozi. Mfugaji naye akamhitaji mkulima kwa chakula na pombe, na wote wawili wakamhitaji mhunzi. Mahitaji hayo ndiyo yaliyohitaji msuluhishi, na msuluhishi ndiye aliyekua akawa mtawala.

Masimulizi ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, yanasema Ruhinda, mwanzilishi wa ukoo wa Bahinda, alichukua utawala kutoka kwa Nono wa Malija, wa ukoo wa Basita. Mwanahistoria Israel Katoke, katika kitabu chake kuhusu ufalme wa Karagwe kilichotolewa mwaka 1975, anaanzia habari za ufalme huo karibu mwaka 1400. Tazama masimulizi hayo yanavyokiri jambo kubwa: Ruhinda alikuta nchi ina mwenyewe. Nasaba ilibadilika juu ya jamii iliyokwisha kujipanga.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko katika vitu vya enzi. Watawala wa Karagwe walifuga ng'ombe wenye pembe ndefu, lakini alama zao za ufalme zilitoka kwa mhunzi. Palikuwa na ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma, pembe zao zimepindwa kwa ustadi, na nyundo nzito zisizo na mpini, za namna ambayo mhunzi huweza pia kuzisimika ardhini zikawa fuawe. Ndagara, baba yake Rumanyika, anakumbukwa kuwa mfua chuma hodari. Mpelelezi Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1876, alionyeshwa nyumba ya hazina akaona bata wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu. Rwanda nako, kaburi la Mwami (mfalme) Cyirima Rujugira lilipofukuliwa, nyundo za chuma zilikutwa kichwani pake. Ng'ombe wa chuma alikuwa anamwambia kila aliyemwona kwamba mfalme huyu ni wa mfugaji na wa mhunzi pia.

Juu ya misingi hiyo mitatu, yaani chuma, ng'ombe na ndizi, ikaja biashara ya mbali. Kufikia miaka ya 1840 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Tabora walikuwa wakipita Karagwe kwenda Buganda, wakaweka kituo Kafuro, karibu na ikulu. Pembe za ndovu zilishuka pwani, nguo, shanga na bunduki zikapanda. Utajiri huo ulimpa nguvu Rumanyika, lakini pia uliwapa majirani na ndugu sababu ya kugombea kiti chake.

Baada ya Rumanyika kufariki, ugomvi wa urithi uliimaliza familia ya kifalme. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ukafagia ng'ombe, na Wajerumani wakaikuta nchi imedhoofika. Tanganyika ilipopata Uhuru, utawala wa machifu ulifutwa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: Karagwe ilijengwa hapa hapa, na wakulima, wafugaji, wahunzi na wafinyanzi wa nchi hii. Wageni walikuja, mazao yalikuja, nasaba zilibadilika, kama ilivyokuwa Misri na kwingineko. Waliovifanya vyote hivyo kuwa ufalme ni wenyeji.

Ushahidi huo bado uko mashambani, nao unapotea. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inakataza kuvisafirisha nje ya nchi bila kibali. Ndugu msomaji wa Kayanga, Bweranyange, Murongo au Nkwenda, jembe lako likigonga mavi ya chuma, kipande cha mrija wa udongo au kigae chenye michoro, usikitupe wala usikiuze. Kiache palepale kilipolala, maana mahali kilipo ndipo mtaalamu anaposoma umri wake, kisha toa taarifa serikali ya kijiji au kwa afisa utamaduni wa wilaya. Nawe mwalimu, wapeleke wanafunzi wakaione Bweranyange kabla hujawafundisha Babeli.