Mstari, Safu na Mraba: Hesabu ya Kwata Katika Nyika ya Mtito Andei

Majeshi ya miguu ya karne ya 19 yalikabiliwa na tatizo moja la msingi, nalo ni kwamba mpangilio uliofaa kupigania haukufaa kusafiria, na ule uliofaa kusafiria haukufaa kupigania. Bunduki za gumegume, ambazo zilishindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, hazikuwa na shabaha ya kutegemewa kupita mita 100 hivi, na askari aliyefunzwa vizuri alifyatua mara mbili au tatu tu kwa dakika. Kwa hiyo, ili risasi ziwe nyingi kiasi cha kumzuia adui, watu walipangwa bega kwa bega katika mstari mrefu wenye tabaka mbili au tatu, kila mtutu ukielekea mbele. Mstari huo ulikatikakatika mara ulipokutana na mto, msitu au njia nyembamba. Safu, yaani kombania zilizofuatana moja nyuma ya nyingine, ilipita mahali pembamba bila shida, lakini waliotangulia tu ndio walioweza kufyatua. Kwata ya batalioni ilikuwa elimu ya kuhama kutoka umbo moja hadi jingine bila vurugu, na kabla adui hajafika.

Elimu hiyo iliandikwa kwa ukamilifu wa kihesabu. Nchini Uingereza, Sir David Dundas alitoa kitabu mwaka 1788 ambamo mienendo yote ya batalioni ilifupishwa kuwa 18, nacho kikawa msingi wa kanuni rasmi za jeshi zilizofuata miaka minne baadaye. Katika Afrika Mashariki kwata ya namna hiyo ilianza kuonekana Unguja mwaka 1877, wakati Sultani Barghash bin Said alipomkabidhi Luteni Lloyd Mathews kazi ya kuunda jeshi la kisasa, ingawa Mathews mwenyewe alikuwa ofisa wa majini ambaye kwa kawaida hakutarajiwa kuwa fundi wa mambo ya nchi kavu. Mwaka 1895 likaundwa Mombasa jeshi la East Africa Rifles lililochanganya Waswahili, Wasudani na Wapunjabi, na tarehe 1 Januari 1902 jeshi hilo likawa batalioni ya tatu ya King's African Rifles, ambalo kwa kifupi huitwa KAR. Kila mmoja wa askari hao alifunzwa kwanza kusimama, kugeuka na kupiga hatua, na ndipo akafunzwa kulenga shabaha.

Msingi wa hesabu yote ulikuwa vipimo viwili, yaani upana wa mtu mmoja ndani ya mstari, ambao ulikaribia sentimita 60, na urefu wa hatua moja, ambao ulikuwa inchi 30, sawa na sentimita 76. Kombania ya watu 100 waliojipanga kwa tabaka mbili ilikuwa na jozi 50, na hivyo ilichukua mita 30 za ardhi. Batalioni ya kombania nane ilichukua mita 240. Kombania hizo zilipojipanga katika safu, kila moja iliacha nyuma ya iliyotangulia umbali uliolingana kabisa na upana wake, yaani mita 30 zilezile. Sababu yake ni kwamba amri ya kuzungusha ilipotolewa, kila kombania ilijizungusha robo duara kama mlango kwenye bawaba zake, askari wa ukingo mmoja akikanyaga papo hapo na yule wa ukingo wa pili akitembea mita 47 kwa hatua 62, ambazo kwa mwendo wa hatua 120 kwa dakika zilimalizika baada ya nusu dakika na ushei. Mlango wa kwanza ulipofunga, ukingo wake uligusana na wa pili, wa pili na wa tatu, hata safu nzima ikawa mstari mmoja usio na pengo.

Uzuri wa mpango huo ndio uliokuwa udhaifu wake. Iwapo kila kombania ilisogelea iliyotangulia kwa mita tatu tu zaidi ya ilivyopasa, basi katika nafasi saba kati ya kombania nane zilipungua mita 21, na baada ya kuzunguka watu wapatao 70 hawakuwa na mahali pa kusimama. Iwapo zilichelewa, yalibaki mapengo ambayo adui aliweza kuyapenya. Ndiyo maana maofisa wa enzi hiyo walihangaikia umbali kati ya kombania kwa bidii ambayo msomaji wa leo anaweza kuiona kuwa wazimu wa gwaride, ilhali ilikuwa hesabu ya uhai. Safu iliyobanwa zaidi, yenye hatua chache tu kati ya kombania na kombania, ilikuwa rahisi kuiongoza kwa sauti moja, lakini kuifungua iwe mstari kulihitaji kombania ya mwisho kwenda upande kwa mita 210, kazi ya dakika mbili na zaidi, wakati farasi wa vita aliyetimuliwa mbio hukata karibu mita 400 kwa dakika moja. Makamanda werevu waliipunguza hasara hiyo kwa kufungua safu kutoka kombania ya katikati, nusu ikielekea kulia na nusu kushoto, na muda ukapungua karibu kwa nusu.

Ufundi wa hali ya juu zaidi, hata hivyo, haukuwa katika mizunguko mikubwa, bali katika hatua mbili ndogo. Askari waliosimama kwa tabaka mbili walihesabiana moja, mbili, moja, mbili, kutoka kulia hadi kushoto. Ilipotolewa amri ya kuunda wanne wanne kuelekea kulia, wenye nambari ya witiri waligeuka tu mahali walipo. Wenye nambari ya shufwa walirudi hatua moja kwa mguu wa kushoto, wakasogea hatua moja kulia kwa mguu wa kulia, kisha nao wakageuka. Matokeo yalikuwa safu ya watu wanne wanne, tayari kwa barabara. Linalostaajabisha ni kwamba urefu haukubadilika. Jozi 50 zilizochukua mita 30 zilikuwa sasa vikundi 25 vya watu wanne, kila kikundi kikiwa na zaidi ya mita moja ya kutupia miguu, na jumla yake ni mita 30 zilezile. Kombania iliweza kutembea kutwa nzima kisha, kwa amri moja, ikageuka na kuwa mstari wa vita pasipo mtu kukimbia kuziba pengo.

Umbo la tatu lilikuwa mraba, lililobuniwa dhidi ya wapanda farasi na baadaye likatumiwa na majeshi ya kikoloni dhidi ya washambuliaji wa mikuki waliokuja kutoka pande zote. Mraba hauna mgongo wala ubavu, na mizigo, majeruhi na wapagazi hukaa ndani yake. Gharama yake ni kubwa: watu 200 waliosimama kwa tabaka mbili katika mstari hulinda mita 60 kwa bunduki zote, lakini watu haohao wakijipanga katika mraba wenye upande wa mita 15, robo yao tu ndiyo inayoweza kumfyatulia adui anayekuja kutoka upande mmoja. Zaidi ya hayo, mbele ya kila pembe kuna eneo ambalo hakuna upande unaolikabili moja kwa moja, na adui aliyezoea vita hulijua eneo hilo.

Askari wa KAR walilipia somo hilo huko Gumburu, katika nchi ya Wasomali, tarehe 17 Aprili 1903. Kikosi kidogo cha Luteni Kanali Plunkett, kilichojumuisha askari kutoka Nyasaland na Masingasinga wachache, kilizingirwa na wapiganaji wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, kikajipanga mraba na kuhimili mashambulizi kadhaa mpaka risasi zilipokaribia kwisha. Walipojaribu kujipenyeza kwa singe ili wajiokoe, umbo lao lilivunjika. Karibu askari 200 waliuawa pamoja na Plunkett na maofisa wote wa Kizungu waliokuwa naye. Kasoro ya mraba hapo haikuwa katika kusimama kwake, bali katika ukweli kwamba hakuna njia nyepesi ya kutoka ndani yake wakati adui angali karibu.

Mtu anayesafiri leo kati ya Nairobi na Mombasa hupumzika Mtito Andei, takriban katikati ya safari, na akitazama nje ya mji huona kwa nini hesabu hizo zote zilikwama huku. Nyika inayoanzia chini ya vilima vya Chyulu hadi Mto Athi, na kuvuka kuelekea kusini mwa Kitui, ni vichaka vya miiba vya jamii ya migunga na komifora, vilivyochanganyika na mibuyu, na mahali pengi jicho halipenyi zaidi ya mita 30. Kamanda aliyesimama katikati ya batalioni iliyofungua mstari wa mita 240 angeona robo tu ya watu wake, waliobaki wakiwa wametengana naye kwa miiba. Adui anayekimbia na mkuki huhitaji sekunde kama tano kukata mita 30, na katika muda huo hata bunduki ya Martini-Henry, iliyojazwa kwa nyuma na kuweza kufyatua mara kumi kwa dakika, haitoi zaidi ya risasi moja. Wakamba, wenyeji wa nchi hii, walikuwa na mbinu iliyolingana na mazingira yao: wapiga upinde waliotawanyika, kila mmoja na mti wake, na mishale iliyopakwa sumu ya mti wa jamii ya Akokanthera, ambayo haikuhitaji kupiga mahali pa hatari ili iue. Dhidi ya watu wa namna hiyo, mstari wa bega kwa bega ulikuwa shabaha pana tu.

Wala nyika haikuruhusu safu ya wanne wanne. Misafara ya biashara ya Wakamba, iliyopeleka pembe za ndovu pwani kabla ya ukoloni, ilitembea kwa kufuatana mmoja mmoja kwenye vijia, na majeshi yalilazimika kufanya vivyo hivyo. Watu 500 pamoja na mizigo, kila mmoja akichukua mita mbili, hutanda kilomita nzima, na wa mwisho huhitaji dakika 11 kufika aliposimama wa kwanza. Urefu huo ndio uliomwangamiza kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski huko Lugalo, karibu na Iringa, tarehe 17 Agosti 1891, pale Wahehe wa Mkwawa waliposhambulia msafara wake ukiwa umenyooshwa njiani: Wazungu 10 na askari zaidi ya 200 walikufa, kabla ya kombania zake kupata nafasi ya kujipanga umbo lolote. Kanali C. E. Callwell, ambaye kitabu chake kuhusu vita vidogo vya kikoloni kilitoka mwaka 1896, aliyapa mapigano ya vichakani sura ya peke yake, na majeshi ya kikoloni yakaanza kutanguliza doria na kulinda ubavu wa msafara badala ya kutegemea mzunguko wa kupendeza.

Vita Kuu ya Kwanza vilimaliza ubishi. Wajerumani walipoiteka Taveta mnamo Agosti 1914, reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 na kupitia Mtito Andei, ikawa ubavu ulio wazi. Doria zao ndogo zilivuka nyika isiyo na maji kutoka upande wa Kilimanjaro, zikatega baruti chini ya reli na kutoweka. Batalioni iliyofundishwa kusogea kama mwili mmoja haikuwa na la kufanya dhidi ya watu kumi wanaotembea usiku. Ilibidi igawanywe katika vituo na doria zilizosambazwa kwenye reli. Jeshi la Wajerumani lilikuwa limekwisha kulielewa hilo, kwa kuwa lilianza vita likiwa na kombania 14 ambazo kila moja ilijitegemea kwa bunduki za rashasha, wapagazi na chakula, nazo hazikuhitaji batalioni juu yao ili zipigane.

Usiku wa tarehe 11 Machi 1916, katika pengo la vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, ilionekana wazi jinsi umbo linavyoyeyuka. Batalioni ya tatu ya KAR ilishambulia pamoja na Wabaluchi na Warodesia, na kamanda wake, Luteni Kanali Graham, akauawa. Baada ya giza kuingia zikapelekwa batalioni za Afrika Kusini kwa singe, nazo zikasambaratika vichakani. Kamanda wao alifika juu na wachache, akarudi akiamini kwamba shambulio limeshindwa. Kulipokucha ikagundulika kwamba vikundi vidogo vya askari, visivyojuana, vilikuwa vimeshikilia kilele usiku kucha, na Wajerumani wameondoka. Ushindi ulipatikana kwa sababu amri ya kurudi haikuwafikia.

Kwata haikufa kwa sababu hiyo. KAR ilianza vita ikiwa na batalioni tatu na ikavimaliza ikiwa na 22, na kwa wakufunzi wake uwanja wa gwaride ulikuwa mahali ambapo watu wa lugha nyingi walizoea kutii sauti moja kwa wakati mmoja. Ukambani ukawa chimbuko kubwa la askari hao, kiasi kwamba mwaka 1938, Muindi Mbingu alipoongoza maelfu ya Wakamba kwenda Nairobi kupinga kunyang'anywa mifugo, serikali ililazimika kuwafikiria pia askari wa Kikamba waliokuwa kambini. Baada ya uhuru batalioni za KAR za Kenya zikawa Kenya Rifles, na kila Siku ya Jamhuri, askari wanapopitisha bendera ya kikosi uwanjani, mzunguko wa robo duara huonekana ukifanywa kwa vipimo karibu vilevile vya kale.

Kilichotoweka ni safu ya wanne wanne. Mwishoni mwa miaka ya 1930 jeshi la Uingereza lilihamia watu watatu watatu, likifuatwa na majeshi ya makoloni yake, kwa kuwa mstari wa tabaka mbili haukuwa tena na kazi vitani na hapakuwa na sababu ya kulinda uwezo wa kuurudia ghafla. Askari watatu watatu husimama, hugeuka kulia na kuondoka. Hakuna anayelazimika kukumbuka kama nambari yake ni shufwa au witiri.