Dalali wa nyumba yuko upande wa nani?

Na Mwandishi Wetu, Johannesburg

Bertrams ni mtaa mkongwe, jirani na uwanja wa Ellis Park, mashariki mwa katikati ya jiji. Nilipokwenda kutazama nyumba huko, dalali alinipokea kwa Kiswahili safi. "Kaka, weka cha kuanzia leo, jioni anakuja mteja mwingine." Chumba cha nyuma kilinuka rangi mpya. Nilipougusa ukuta, ulikuwa na unyevu.

Kosa lilikuwa langu. Nilidhani kwa kuwa tunazungumza lugha moja, basi yuko upande wangu.

Afrika Kusini, kwa kawaida dalali hupewa kazi na muuzaji, na ada yake hutoka kwenye fedha za mauzo. Hata hivyo mnunuzi hakuachwa yatima. Sheria namba 22 ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Februari 1, 2022, inamkataza dalali kupokea kazi ya kuuza nyumba kabla muuzaji hajajaza na kusaini fomu ya kasoro anazozijua. Mnunuzi hupewa nakala, na fomu huambatanishwa na mkataba. Isipoambatanishwa, mkataba husomwa kana kwamba mnunuzi hakuelezwa kasoro yoyote.

Wengine watakutajia neno la Kiafrikana, voetstoots, yaani chukua kama ulivyokikuta. Neno hilo halimkingi muuzaji aliyeijua kasoro akaificha.

Pili, mwombe dalali cheti chake kutoka mamlaka inayosimamia kazi hiyo, PPRA. Asiye nacho hana haki ya kulipwa ada. Fedha zako nazo hazipaswi kuingia mfukoni mwake, bali katika akaunti ya amana.

Tatu, risiti si nyumba. Kwa sheria ya mwaka 1981, mauziano ya nyumba lazima yawe ya maandishi na yasainiwe. Umiliki huhama pale tu hati inaposajiliwa katika ofisi ya usajili wa hati. Katika jiji lenye majengo yaliyotekwa na wasio wenyewe, tafuta kwanza huko jina la mwenye mali. Kumbukumbu hizo ziko wazi kwa yeyote anayelipia.

Yule dalali nilimwomba fomu na cheti. Akasema ataleta kesho. Mpaka leo hajaleta, na akiba yangu ya miaka sita bado ninayo.