Mzigo wa Askari Aliyerudi Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Wakristo yumo mzee ambaye zamani alikuwa askari. Babu zetu wengine walikwenda Burma, wakarudi vita ilipokwisha mwaka 1945. Sisi tuandikao maneno haya tulikwenda Uganda, tukarudi mwaka 1979. Watoto wa nyumbani hulijua jambo hilo kwa picha iliyotundikwa ukutani na nishani iliyomo sandukuni, wala hawajui zaidi. Mzee akiulizwa husimulia mvua na matope, na mwendo mrefu wa miguu, na jinsi mpishi wa kikosi alivyounguza ugali, hata wote wacheke. Halafu hunyamaza. Mkewe amekwisha kuzoea, naye huwaambia wana, Mwacheni baba yenu, ndivyo alivyo.

Twataka kuandika juu ya kimya hicho, maana wengi hudhani kwamba ni hofu tu. Hofu ipo, hatukatai. Mtu aliyesikia mizinga usiku kucha, mwili wake hujifunza kuogopa, nao hausahau; hata baada ya miaka 20 mlango ukibamizwa na upepo yeye hujikuta amelala chini. Madaktari wa Marekani waliuandika ugonjwa huo katika kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya kuwatazama askari wao waliotoka Vietnam. Walakini daktari mmoja wa mji wa Boston, jina lake Jonathan Shay, aliyewatibu askari hao miaka mingi na kutoa kitabu juu yao mwaka 1994, alitambua kuwa wako walioumizwa na jambo jingine. Hao hawakuumizwa na risasi za adui. Waliumizwa kwa kuwa haki ilivunjwa mbele ya macho yao, na mara nyingi aliyeivunja ni mkubwa waliyemtegemea, au ni mikono yao wenyewe. Jeraha hilo twaweza kuliita jeraha la dhamiri. Dawa ya hofu hailiponyi, wala maneno ya kumwambia mtu, Sahau, yamepita.

Ili jambo hili lieleweke, tutasimulia habari ya kweli ya vita hiyo ya Vietnam.

Tarehe 16 Machi 1968 kikosi kimoja cha askari wa miguu wa Marekani kiliingia katika kijiji cha Son My, mahali ambapo wao walipaita My Lai. Walikuwa wameambiwa kwamba watakuta jeshi la adui. Hawakulikuta. Walikuta wazee, wanawake na watoto. Wakawaua hao, wengine majumbani mwao, na wengine wakakusanywa katika mfereji na kupigwa risasi humo. Wamarekani wenyewe walihesabu waliokufa kuwa 347. Lakini katika kumbukumbu waliyoijenga Wavietnam yameandikwa majina 504.

Juu ya kijiji ilikuwa ikiruka helikopta ndogo yenye watu watatu: rubani Hugh Thompson, mwenye umri wa miaka 24, na vijana wawili wa kazi, Glenn Andreotta na Lawrence Colburn. Colburn alikuwa na miaka 18. Thompson aliona majeruhi chini, akawatupia alama ya moshi ili askari waje wawatibu. Aliporudi akawakuta wamekufa. Mara ya kwanza hakusadiki; akajaribu kutafuta sababu nyingine, kama afanyavyo kila mtu mwema aonapo jambo baya katika watu wake. Mwisho akaona kwa macho yake, hakuwa na njia ya kukana tena. Basi akatua kati ya askari wa kwao na watu wachache waliokuwa wamekimbilia katika handaki, akawaamuru vijana wake wawili kwamba, askari wakiwapiga raia hawa, wao wawapige askari. Kisha akaita helikopta nyingine, watu wale wakachukuliwa salama. Andreotta akaingia katika mfereji uliojaa maiti, akatoka na mtoto aliye hai, wakampeleka hospitali. Thompson alipofika kambini alipeleka mashtaka kwa wakubwa, na amri ikatoka ya kuyasimamisha mauaji.

Msomaji atasema, Huyu bila shaka alilala usingizi mzuri maisha yake yote. Sivyo. Andreotta aliuawa vitani majuma matatu baadaye. Jambo lenyewe lilifichwa mwaka mzima na zaidi, mpaka askari mmoja, Ron Ridenhour, ambaye hakuwapo siku ile ila alisikia kwa wenziwe, akawaandikia barua wakubwa wa serikali mwezi wa Machi 1969. Thompson alipotoa ushahidi, mkubwa mmoja wa bunge alisema kuwa anayestahili kuadhibiwa ni yeye, kwa kuwa aliwageuzia silaha watu wa kwao. Watu wasiomjua walimpigia simu kumtisha kwamba atauawa, na mizoga ya wanyama ikaachwa mlangoni pake. Alisumbuliwa na ndoto mbaya, akazama katika pombe, na ndoa ikamvunjikia. Nishani ya kitendo chake kilichokuwa wazi kama jua, yeye na wenzake wawili walipewa mwezi wa Machi 1998, yaani baada ya miaka 30, na mmoja wa hao watatu alikuwa kaburini siku nyingi. Thompson alikufa mwaka 2006, Colburn akiwa karibu na kitanda chake. Tumeyasimulia hayo kwa urefu kwa sababu watu hudhani kwamba dhamiri safi haiumi. Huuma sana, ikiwa mtu ameachwa peke yake na kweli.

Na wale waliotenda, je? Kati ya wote walioshtakiwa ni mmoja tu aliyepatikana na hatia, Luteni William Calley. Alihukumiwa mwezi wa Machi 1971 kifungo cha maisha. Rais Nixon akaamuru awekwe katika nyumba yake mwenyewe, na baada ya miaka mitatu na nusu hivi akafunguliwa. Jibu lake barazani lilikuwa kwamba alitii amri. Sisi tulio askari twaujua uzito wa jibu hilo, wala hatulicheki. Askari hufundishwa kutii upesi pasipo kuuliza, na kikosi kisicho na utii hufa chote. Lakini katika kikosi kile kile, asubuhi ile ile, chini ya maneno yale yale ya wakubwa, walikuwapo askari waliokataa kuwapiga raia. Tena baraza la Nuremberg, lililowahukumu wakubwa wa Wajerumani mwaka 1945 na 1946, lilikuwa limekwisha kusema kwamba amri peke yake haimwondolei mtu hatia. Wamarekani walikuwa wameketi katika kiti cha mahakimu huko. Mwaka 2009, akiwa mzee, Calley alisema mbele ya watu kwamba haipiti siku asijute kwa ajili ya waliouawa; hata hivyo neno la amri alilitaja tena. Alikufa mwaka 2024.

Yuko pia kijana mmoja wa kikosi kile, mtoto wa nyumba ya kimaskini katika jimbo la Indiana, aliyewapiga watu wengi risasi akilia. Kesho yake alikanyaga bomu lililofukiwa, mguu wake ukakatika, akamwambia luteni wake kwamba Mungu amemwadhibu, na yeye luteni zamu yake itakuja. Mama yake alipoulizwa na watu wa magazeti alisema kwamba aliwapa mwana mwema, nao wakamfanya muuaji. Akina mama wasomao gazeti hili walipime neno hilo. Mama yule hakusema kwamba mwanawe hakuua. Wala hakumfukuza.

Mwaka 1998 Thompson na Colburn walirudi kukitazama kijiji. Mwanamke mmoja kati ya wale waliookoka alimwuliza Thompson mbona wale waliotenda hawakuja pamoja naye. Thompson aliumia moyo, akidhani ni lawama. Mwanamke akamaliza neno lake: waje ili wawasamehe. Thompson alisema baadaye kwamba yeye mwenyewe hakuweza kufika hapo, kuwasamehe namna hiyo. Nasi twasema kwa unyofu kwamba hatujui kama tungeweza.

Lakini ni rahisi sana kumpima Mmarekani. Tusogee karibu. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka wa Kagera, yakaua raia, yakachoma nyumba, yakateka ng'ombe, na daraja la Kyaka likavunjwa. Kila askari wa Tanzania aliyepita huko aliona, na hasira ikamwingia, na hasira ile ilikuwa na sababu. Mwezi wa Februari 1979 miji ya Masaka na Mbarara ilianguka mikononi mwa majeshi yetu, na majumba mengi ya miji hiyo yakabomolewa kulipiza yale ya Kagera. Sisi tulipita Masaka baadaye, tukiwa njiani kurudi. Majumba yalikuwa yamesimama kuta tupu, na mwanamke alikuwa akiuza ndizi chini ya ukuta mmoja. Vita ile ilikuwa ya haki. Hatuna shaka, wala hatutaki mtu ailetee shaka kwa maneno yetu. Hata hivyo mwenye ndizi yule hakuwa Amin.

Hapo ndipo linapotufaa jambo ambalo Kanisa la kale lilijua na sisi tumelisahau. Katika Kitabu cha Hesabu, mlango wa 31, askari waliotoka vitani, walioua mtu au kugusa maiti, waliamriwa kukaa nje ya marago siku saba. Basili Mkuu, askofu wa zamani sana, karne ya nne, hakuwahesabu waliopigana vita ya haki kuwa wauaji, lakini alishauri wajizuie Meza ya Bwana miaka mitatu. Na baada ya vita ya Hastings ya mwaka 1066 maaskofu wa Normandy waliwawekea askari wao wenyewe toba: aliyejua kuwa ameua, mwaka mmoja kwa kila mtu, aliyejeruhi asijue kama yule alikufa, siku 40 kwa kila mmoja, asiyejua hesabu, siku moja katika kila juma maisha yake yote. Hao walikuwa washindi! Mfalme wao alikuwa amekaa katika kiti cha Uingereza, naye hata hivyo askari akahesabiwa toba. Wengine wataona kwamba ni ukali. Sisi twaona kwamba ni huruma, kwa kuwa askari alipewa mahali pa kuutua mzigo na siku ya kuumaliza, badala ya kuambiwa shujaa barazani na kuachwa kulia gizani.

Wazee wa Kiafrika hawakuwa nyuma. Kwa Waacholi wa Uganda ya kaskazini, kijana aliyerudi kutoka msituni kwa waasi hukanyaga yai mbele ya ukoo wake kabla ya kuingia nyumbani. Mambo mengine ya mila Mkristo ana hiari kuyaacha. Lakini ukoo mzima husimama pale, nalo si jambo dogo: hakuna awezaye kusema baadaye kwamba hakujua huyu ametoka wapi.

Basi nyumbani kwetu tufanyeje? Mke asimlazimishe mumewe kusimulia, wala watoto wasimwulize aliua wangapi. Swali hilo ni la kitoto na hufunga mlango. Lakini akianza mwenyewe, msimkatize kwa kusema, Uliamriwa tu, baba. Mwapenda kumfariji, nasi twajua, ila kwa neno hilo mwamnyima nafasi ya kuwa mtu mwenye dhamiri. Mwacheni aseme mpaka mwisho. Mwalimu awapelekapo watoto kwenye makaburi ya askari pale Kaboya, awafundishe ushujaa, na awafundishe pia habari za Thompson, ili kijana atakayebeba bunduki kesho ajue kwamba kukataa nako kumewahi kupewa nishani, ingawa kwa kuchelewa. Mchungaji naye asifanye haraka kutamka msamaha juu ya jambo ambalo bado halijatamkwa. Akisikia, aulize kama liko la kulipa: ng'ombe aliyechukuliwa, ukoo unaoweza kutafutwa, barua inayoweza kuandikwa. Mara nyingi halipo, maana waliokufa hawalipwi ng'ombe. Hapo akae naye tu, na juma lijalo aje tena.

Na yule ambaye pombe imemshika, au aliyeanza kusema kwamba afadhali afe, huyo hana haja ya mahubiri kwanza. Ondoeni kamba na sumu ya mashambani karibu naye, mtu wa nyumba alale chumbani mwake usiku huo, na asubuhi apelekwe hospitali kwa daktari wa akili, akifuatana na ndugu anayempenda, wala pasiwe na aibu yo yote katika jambo hilo.