Njia ya Belo: Nguo za Ng'ambo Kutoka Melini Hadi Minada ya Tarime na Mugumu

Nguo zinazotandazwa kwenye maturubai siku za mnada mjini Mugumu, wilayani Serengeti, au zinazotundikwa vibandani Tarime mjini na Sirari, kwa sehemu kubwa zimevuka bahari kabla ya kupanda lori, na ni rahisi kudhani kwamba bahari hiyo ndiyo inayozipandisha bei. Hesabu za usafirishaji zinaonyesha vingine. Safari ya melini, ingawa ndiyo ndefu kuliko zote, kwa kawaida huongeza kiasi kidogo sana katika bei ya vazi moja, ilhali gharama kubwa na hasara nyingi hutokea baada ya mzigo kushushwa bandarini.

Chanzo cha hali hiyo ni namna nguo zinavyofungashwa. Kampuni za meli hutoza nauli kwa kontena, yaani kasha la chuma ambalo vipimo vyake ni vilevile duniani kote, la futi 20 au futi 40, mradi uzito usizidi kiwango. Nguo ni mzigo mwepesi unaokula nafasi, hivyo anayeweza kuzishindilia zaidi ndiye anayelipa nauli ndogo zaidi kwa kila kilo. Nguo mpya kutoka viwanda vya China hukunjwa na kupangwa katika maboksi ili zisiharibike, na kontena hujaa kabla halijawa zito. Mitumba hufanyiwa kinyume chake: baada ya kukusanywa Ulaya, Amerika Kaskazini au Asia, hupelekwa kwenye maghala ya kuchambulia, mengine yakiwa mbali kabisa na nchi ilikotoka, kama yale ya Sharjah na Karachi, ambako hutengwa kwa aina na kwa gredi, hushindiliwa kwa mashine za haidroliki, hufungwa kwa plastiki na mikanda, na kuwa belo ambalo mara nyingi lina kilo 45. Kontena la futi 40 huweza kubeba mabelo yapatayo 550 ya namna hiyo, sawa na tani 25 hivi.

Ikichukuliwa kwamba nauli ya kontena hilo ni dola 4,000, kila belo litakuwa limebeba dola saba na ushei, na kama ndani yake mna fulana 200, kila fulana itakuwa imevuka bahari kwa senti zisizofika nne za dola. Mwaka 2021, wakati janga la UVIKO-19 lilipovuruga bandari na meli, wastani wa nauli ya kontena la futi 40 katika njia kuu za dunia ulipita dola 10,000. Hata kwa nauli hiyo, fulana ya belo ingeongezewa senti tisa tu.

Bahari hudhuru kwa njia nyingine, nayo ni unyevu. Pamba hunyonya maji yaliyomo hewani, na kontena linalopata joto mchana na baridi usiku hugeuza mvuke kuwa matone yanayodondoka kutoka darini, hata belo lililofungwa vizuri likafika na madoa ya ukungu ambayo hakuna atakayeyaona hadi mikanda ikatwe. Hatari hiyo huongezeka safari inaporefuka, kama ilivyokuwa tangu mwishoni mwa 2023, pale mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalipozifanya meli nyingi zitokazo Ulaya kuacha Mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, jambo lililoongeza siku kadhaa za safari.

Bandarini mzigo hukutana na karatasi. Iliyo kuu ni hati ya shehena, ambayo kwa pamoja ni stakabadhi ya mzigo, ushahidi wa mkataba wa kuusafirisha, na uthibitisho wa nani ana haki ya kuuchukua. Wakala wa forodha, mtaalamu mwenye leseni ya kuombea mizigo kibali cha kutoka, huitumia kulipia ushuru, ambao katika Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa mitumba kwa asilimia 35 ya thamani au kwa kiwango maalumu cha kila kilo, chochote kilicho kikubwa. Thamani hiyo hujumuisha bei ya ununuzi, bima na nauli ya meli, kwa hiyo panapotumika asilimia, nauli ikipanda ushuru nao hupanda, kisha kodi ya ongezeko la thamani huja juu ya vyote. Karatasi zikichelewa, huanza kuhesabiwa demaraji, tozo ya kila siku inayolipwa kontena linapopitisha muda liliopewa bure.

Wilaya za Serengeti na Tarime zina mlango wa ziada ambao sehemu nyingi za Tanzania hazina. Sirari, mpakani na Isebania ya Kenya, iko karibu zaidi na Mombasa kuliko Dar es Salaam, na jamii ya Wakurya inaishi pande zote mbili za mpaka huo, kiasi kwamba biashara baina ya ndugu haikuanza na ofisi za forodha. Ndiyo maana sambamba na kituo rasmi kuna njia za panya, na anayezitumia anaweza kuona ameokoa ushuru mpaka siku anaponyang'anywa mzigo wote.

Mali inayotoka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Kwenye ramani, Mugumu inaonekana kufikika kirahisi kutoka Arusha, lakini katikati ipo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mnamo Juni 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kupita kaskazini mwa hifadhi hiyo. Malori ya bidhaa hulazimika kuzunguka kupitia Mwanza na Bunda, na kila mkono unaolipokea belo njiani huchukua chake. Mchuuzi wa mnadani, aliye mwisho wa mnyororo huu, hulinunua likiwa limefungwa. Gredi, ukungu na idadi ya vipande huvijua akishalipa, na kwa hakika yeye ndiye mwenye kinga ndogo kuliko wote.

Mnyororo huu wote nusura ukatwe kwa uamuzi wa kisiasa: Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya ndani vipate soko. Marekani ilitishia kuondoa nafuu za kibiashara chini ya AGOA, mpango wake wa kuondolea ushuru bidhaa za Afrika. Rwanda ilishikilia ushuru wake mkubwa na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya mavazi, ilhali Tanzania, Kenya na Uganda zililegeza msimamo. Viwanda vyenyewe ni suala gumu zaidi. Mutex ya Musoma, kiwanda kilichojengwa karibu na mashamba ya pamba ya mkoa wa Mara, kilisimamisha uzalishaji, na pamba ya Serengeti na Bunda ikishachambuliwa mbegu, sehemu kubwa ya nyuzi zake hushindiliwa katika marobota na kuuzwa ng'ambo, nyingi zikielekea kwenye viwanda vya Asia.