Kifaa cha kubusti gari: Namna ya kukichaji bila kuhatarisha nyumba

Same. Gari likigoma kuwaka alfajiri ya baridi huko Chome au Mbaga, kumpata mwenye gari jingine wa kukubusti si kazi ya dakika tano. Hapo ndipo kifaa kidogo cha kubusti, kinachofanana na pawabenki ya simu, kinapookoa safari.

Lakini hiki si pawabenki ya kawaida. Kwa sekunde chache kinaweza kutoa mamia ya ampea. Kikichajiwa ovyo kinaweza kufa mapema, kuvimba au hata kuwaka moto chumbani watu wakiwa wamelala.

Jua betri iliyo ndani

Vile vidogo vya mkononi vingi vina betri ya lithiamu. Vile vikubwa na vizito vyenye mpini mara nyingi vina betri ya risasi na asidi, kama ya gari.

Cha risasi kichajiwe mara tu baada ya kutumika, tena sehemu yenye hewa ya kutosha. Kikiwa kwenye chaji kinaweza kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto kwa cheche ndogo tu. Cha lithiamu kikijaa, kichomoe.

Usikiache kwenye gari "kijichaji"

Kosa hili ni kubwa. Gari likishawaka, wapo wanaoacha vibanio kwenye betri wakidhani kifaa kinajaa bure.

Injini ikiunguruma, altaneta husukuma umeme wa takriban volti 14. Kama kifaa hakina kinga, umeme huo unarudi ndani yake bila kudhibitiwa na betri ya lithiamu inapata moto haraka. Gari likiwaka, toa vibanio ndani ya sekunde 30.

Kipoe kwanza

Kubusti kunakipasha kifaa joto. Kiache kipumzike kivulini kama nusu saa ndipo ukichaji.

Betri nyingi za lithiamu hutakiwa kuchajiwa kwenye joto la kati ya nyuzi 0 na 45. Milimani hilo si tatizo. Shida iko tambarare: Same mjini, Kisiwani hadi Ndungu. Nje kukiwa na nyuzi 32, ndani ya gari lililofungwa vioo juani joto linaweza kuvuka 50. Usikichaji humo, na usikiache kwenye dashibodi. Ukishuka, shuka nacho.

Chaja ipi itumike?

Soma palipoandikwa INPUT kwenye kifaa, kisha linganisha na OUTPUT ya chaja. Volti lazima zilingane.

- Kikiandikwa 5V, chaja nzuri ya simu inatosha.
- Chaja ya laptop ya volti 19 usiichomeke, hata kama pini inaingia.
- Kifaa cha mAh 10,000 kwa chaja ya 5V na ampea 2 hujaa kwa saa nne hadi tano. Kwa ampea 1, muda unakaribia kuwa mara mbili.

Kiweke juu ya sakafu ya saruji au meza isiyo na kitambaa. Kitandani, kwenye kochi au karibu na dumu la petroli, hapana. Na usikichaji usiku kucha huku umelala.

Kwa wanaotumia sola

Usiunganishe waya za paneli moja kwa moja kwenye kifaa, maana volti za paneli hupanda na kushuka na jua. Pitishia kwenye kidhibiti chaji chenye tundu la USB. Paneli ikae juani, kifaa kikae kivulini.

Umeme ukikatika

Chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache utulie ndipo uchomeke tena, kwani mara nyingine hurudi kwa kishindo na kuunguza chaja.

Dalili za kuacha kukitumia

Kimevimba, kinanuka kemikali, kinavuja, au kinachoma mkono kikiwa kwenye chaji? Usikichaji tena wala usikitoboe. Kitoe nje, mbali na vitu vinavyowaka.

Kikishika moto, zima umeme kwenye swichi kuu kama unaweza kuifikia salama, toa watu nje na epuka moshi wake, ni sumu. Piga 114, namba ya dharura ya Zimamoto na Uokoaji. Moto ukiwa bado mdogo na umeme umezimwa, maji mengi husaidia kukipoza.

Kabla ya kupanda mlima

Betri hupungua chaji hata ikikaa kabatini. Kikague cha lithiamu kila baada ya miezi mitatu, na cha risasi kila mwezi. Kabla ya safari ya Mamba, Chome au Usangi, angalia taa zake kwanza. Kifaa kisicho na chaji huko juu ni mzigo tu.