NDEGE YA POVU IKIANGUKA: KUTAFUTA UGONJWA WAKE NA KUITENGENEZA



Tumezoea kuzungumza hapa habari za mnyauko wa migomba, choo bora na maji ya kuchemsha. Safari hii tunazungumza habari za ndege. Si ile kubwa inayotua pale kando ya ziwa mjini Bukoba, bali ndege ndogo ya mfano, yenye mwili wa povu gumu, inayoongozwa na mtu aliyesimama chini na rimoti mkononi. Nyingine zimetengenezwa kwa umbo la jeti, na ndani yake mna feni inayovuta hewa kwa mbele na kuisukuma nyuma kwa nguvu.

Huenda msomaji akauliza, "Haya yanatuhusu nini sisi wakulima?" Yanatuhusu. Kwanza, vitu hivi vimeanza kuletwa na ndugu zetu wanaofanya kazi nje, na vikiharibika hupelekwa kwa fundi redio, maana hakuna fundi mwingine. Pili, ndugu zake wakubwa wanafanya kazi ya maana. Mwaka 2016 visiwa vya Unguja na Pemba vilianza kupigwa picha za ramani kwa vindege vya povu, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifundishwa kuvirusha. Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, jirani zetu wa Rwanda walianza kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani, na mwili wa ndege hizo nao ni wa povu. Katika ziwa letu hili, mwaka 2018, ndege isiyo na rubani ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, karibu kilomita 60, kwa muda wa dakika 40 hivi. Kijana anayejua kutengeneza ile ndogo ameshapata mwanzo wa kuielewa ile kubwa.

Kwa nini povu? Kwa sababu povu ni hewa iliyofungiwa. Chukua sanduku la upana wa mita moja, urefu mita moja na kimo mita moja. Likijaa maji, maji yale yana uzito wa kilo 1000. Likijaa lile povu jeupe linalofungia friji dukani, uzito wake ni kama kilo 15 hadi 30 tu. Tena povu likigonga chini hubonyea, halivunjiki vipande mia. Ndiyo maana ndege ya povu ikianguka usikimbilie kuitupa.

Lakini povu si moja, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoumia. Lipo lile jeupe la punje punje, ukilikuna linatoa punje kama mtama. Lipo jingine laini zaidi, linapinda bila kukatika na kurudi lilivyokuwa. Lile la kwanza linayeyushwa na petroli, thina na gundi ya fundi viatu. Hata supa gluu ya kawaida hulila. Lile la pili ni gumu kushambuliwa, lakini nalo lijaribu kwanza.

Fundi redio mmoja hapa Hamugembe aliletewa jeti ya povu jeupe iliyokatika bawa. Akachukua gundi ya viatu, akapaka pande zote mbili, akangoja ikauke kidogo kama afanyavyo fundi viatu. Alipotaka kuunganisha, bawa lilikuwa limeliwa, pengo linaingia ngumi. Mwenye mali akaja juu, akataka alipwe ndege nzima, na shauri likafika kwa mwenyekiti wa mtaa. Ndege yenyewe ilipona baadaye. Sehemu iliyoyeyuka ilikatwa kwa wembe mpaka kwenye povu zima, kikachongwa kiraka kutoka kwenye povu la boksi la televisheni, kikagandishwa kwa gundi nyeupe ya mbao na kuzungushiwa selotepu pana. Ilichukua siku tatu. Ila yule fundi alifanya kazi ile bure, na tunaona mwenyekiti aliamua vizuri.

Basi kanuni ni hii: kabla ya kupaka gundi yoyote, paka tone moja mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya kifuniko cha betri, ungoje dakika kumi. Kama povu limezama, gundi hiyo haifai. Gundi ya mbao haidhuru povu la aina yoyote, ila hukauka polepole sana, maana katikati ya povu hewa haipiti. Iache siku nzima au zaidi. Ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa ni imara na inafaa pale panapobeba nguvu, kama mzizi wa bawa na mahali mota inaposhikiliwa. Gundi ya kuyeyushwa kwa moto ni ya haraka, lakini ni nzito, ikiwa moto mno hutoboa povu, na ndege ikiachwa juani inalegea tena.

Kabla ya kugandisha, pangusa udongo, kisha unganisha vipande vikiwa vikavu uone kama vinakaa sawasawa. Ukiona bawa limepinda wakati huu, litapinda milele. Ndani ya mpasuko choma vijiti vyembamba vya mianzi, kimoja huku kimoja kule, ndipo upake gundi. Usipake gundi nyingi eti ili ishike zaidi. Kinachoshika ni utando mwembamba. Kinachobaki ni mzigo tu.

Povu lililobonyea bila kukatika, hasa lile laini, lina dawa ya ajabu: maji ya moto. Toa betri na mitambo yote, kisha mwagia maji yaliyochemka polepole pale palipobonyea. Hewa iliyo ndani ya punje hupanuka na povu linafura tena mbele ya macho yako. Usizidishe, maana likizidi litafura kupita kiasi na kupoteza umbo.

Sasa tuje kwenye mitambo. Ndege haiwaki hata kidogo? Usianze kufungua. Uliza kwanza: rimoti iliwashwa kabla ya ndege? Mtambo unaodhibiti mwendo wa mota umewekewa ulinzi. Kama ufito wa mwendo kwenye rimoti haujashushwa mpaka chini kabisa, mota haitazunguka hata ukibembeleza. Mara nyingi ugonjwa wote ni huo.

Kama mota inatetemeka bila kuzunguka, tazama nyaya zake tatu. Mmoja umelegea au umekatika kwenye lehemu. Kama inazunguka kinyume, feni inavuma lakini ndege haina nguvu. Badilishana nyaya mbili kati ya zile tatu, zozote mbili, na mota itageuka.

Feni yenyewe iheshimu. Fanya hesabu hii. Mota imeandikwa 2300, yaani mizunguko 2300 kwa dakika kwa kila volti. Betri ni ya volti 14.8. Zidisha: 2300 × 14.8 = 34,040. Feni ikiwa na mzigo wa hewa inapungua hapo, lakini bado ni maelfu kwa maelfu kila dakika. Bawa la feni lenye ufa likiruka kwa kasi hiyo linapita kwenye povu kama risasi, na jicho la mtoto liko karibu kuangalia. Feni yenye ufa haigandishwi. Inatupwa, inanunuliwa nyingine. Ukisikia mlio umebadilika, unakwaruza au ndege inatetemeka yote, zima, chomoa betri, ndipo uchungulie kama kuna majani au mchanga uliovutwa ndani. Usitie kidole humo betri ikiwa imechomekwa, hata kama rimoti imezimwa.

Betri ndiyo habari kubwa kuliko zote, ndugu wasomaji, na tunaomba hapa msome polepole. Betri ya ndege hizi ni ya lithiamu, laini kama pakiti. Ndani yake mna vyumba, na kila chumba ni volti 3.7 kwa kawaida. Kikijaa ni 4.2. Kikishuka chini ya 3.0 kinaharibika. Kwa hiyo betri ya vyumba vinne ikijaa isome 4 × 4.2, yaani volti 16.8, wala isizidi. Chaja yake ni maalumu, inapima kila chumba peke yake. Ukiiunganisha moja kwa moja na sola au betri ya gari, inaweza kulipuka. Kiasi cha umeme wa kuchajia nacho kina hesabu: betri iliyoandikwa 2200 ichajiwe kwa ampea 2.2, ya 1300 kwa ampea 1.3.

Ichaji juu ya tofali au ndani ya sufuria kuukuu, mbali na godoro, nyasi na mafuta ya taa. Usiiache usiku ukalala. Betri iliyovimba kama andazi imekufa. Usiichaji, usiitoboe ili itoe hewa. Ikianza kutoa moshi, watoe watu nje kwanza, maana moshi ule ni sumu. Kama umejiwekea ndoo ya mchanga mkavu karibu, na unaweza kufika bila kuvuta moshi, imwagie mchanga ili moto usienee. Fundi mwenye kibanda cha mbao asiye na ndoo ya mchanga asipokee kazi ya betri hizi. Hatuoni njia nyingine.

Ndege iliyoangukia ziwani au kulowa mvua, na Bukoba mvua tunayo, ina nafasi ya kupona. Chomoa betri mara moja na uiweke nje, mbali na nyumba. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, tofauti na wenzetu wa pwani ambao chumvi hula mitambo yao. Suuza matope kwa maji safi, kung'uta, kausha kivulini penye upepo kwa siku kadhaa kabla ya kujaribu kwa betri nyingine nzima.

Umekwisha gandisha na mota inazunguka. Bado usirushe. Pima mizani. Mtu aliyewahi kupanda mtumbwi anaelewa: mzigo wote ukiwa nyuma, pua inainuka na mtumbwi hausikii kasia. Ndege nayo ni hivyo hivyo. Gundi na kiraka huongeza uzito, na kama kiraka kiko mkiani, ndege itainua pua, itapoteza mwendo na kuanguka tena, wala hutajua kwa nini. Kijitabu chake huonyesha alama ya mizani chini ya mabawa. Kama kijitabu kimepotea na bawa limenyooka, anza na robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Kwa jeti lenye mabawa yaliyorudi nyuma alama iko kwingine, na kubahatisha hakufai. Tafuta kipimo cha aina hiyo ya ndege. Inyanyue kwa ncha za vidole viwili pale kwenye alama, betri ikiwa ndani. Ikilala sawa, au pua ikiinama kidogo, ni vizuri. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele.

Kisha simama nyuma ya ndege, peleka ufito kulia. Kipande cha nyuma cha bawa la kulia kipande juu, cha kushoto kishuke. Vuta ufito kwako, kipande cha mkia kinyanyuke. Kama ni kinyume, ulirudisha waya vibaya au rimoti imegeuzwa mpangilio. Vimota vidogo vinavyosukuma vipande hivyo visikike vikienda bila kukwama. Kinachotetemeka chenyewe kimevunjika meno au kinakosa umeme wa kutosha. Mwisho, rimoti nyingi zina namna ya kupunguza nguvu ya mawimbi kwa ajili ya kupima. Iweke hivyo, tembea hatua 30, mwenzako aangalie kama vipande bado vinatii.

Liko jambo la sheria. Ndege isiyo na rubani hairushwi Tanzania bila kibali, na mahali pa kuuliza ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Hamugembe haiko mbali na kiwanja cha ndege. Sisi watu wa Bukoba tunakumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani na watu 19 kufariki kati ya 43 waliokuwamo. Ajali ile haikuhusiana na vindege hivi, lakini tangu siku ile hakuna mtu hapa anayehitaji kufafanuliwa kwa nini rubani anayetua asikutane na povu na betri mbele yake. Fundi anaweza kutengeneza na kupima mota mezani, ndege ikiwa imefungwa barabara. Kurusha ni kwa mwenye kibali, uwanjani aliporuhusiwa, mbali na watu na nyaya za umeme.

Na ndege ikishatua, mpangilio unageuka: chomoa betri ya ndege kwanza, ndipo uzime rimoti.